Ua Jeupe la Sebuleni

Martina alikiinamisha chungu taratibu, akaushika mmea shinani, akauvuta. Haukubisha. Ulitoka na udongo wake wote kwa mara moja, kama jino la mtoto lililokwisha kulegea, na harufu ya tope la mbugani ikamjaa puani. Alikuwa amepiga magoti barazani, beseni la maji kushoto kwake, kisu cha kukatia mboga kulia, na gunia kuukuu limetandikwa chini ili asichafue sakafu. Majani yaliyokuwa yaking'aa sasa yalikuwa ya njano, yamelala ubavu, kila moja nyonge kama kuku aliyenyeshewa.

Ilikuwa alasiri ya kiangazi. Vumbi jembamba lilikuwa limetanda juu ya kijiji chao kilicho jirani na mgodi wa Bulyanhulu, likalifanya jua lionekane kama taa ndani ya chandarua. Kutoka upande wa wachimbaji wadogo, mashine za kusaga mawe zilinguruma kwa mbali, ngurumo moja isiyokatika, hata aliyeisikiliza kutwa nzima alidhani inatoka kifuani mwake mwenyewe. Saa kama hiyo watu husinzia macho yakiwa wazi.

Ndani ya nyumba Aneth alikuwa akikunja nguo zake. Aneth alikuwa mdogo wake Damian, mume wa Martina. Alikuja kutoka Runzewe kumsaidia wifi yake wakati wa ujauzito, akabaki. Kesho yake asubuhi alikuwa apelekwe stendi, arudi Runzewe kwa kaka yao mkubwa. Martina ndiye aliyetaka hivyo. Wakati wa chakula alikuwa amesema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, "Naona Aneth akapumzike kwao kidogo." Hakutaja sababu, na hakuna aliyeiuliza. Sababu ilikuwa pale pale kwenye kona ya sebule, ndani ya chungu, inanyauka.

Mmea wenyewe ni ule ambao watu huuita ua la amani. Ulifika mikononi mwa Martina siku aliyotoka hospitali bila mtoto. Muuguzi mmoja aliyeitwa Sista Generosa, ambaye ndiye aliyemwosha yule mtoto kwa mara ya mwisho, alichomoa chipukizi kwenye chungu kilichokaa dirishani mwa wodi, akalitia katika kikombe cha plastiki. "Ukiona majani yameinama, lipe maji," alimwambia. "Yakisimama, liache. Na jua kali halilitaki." Martina alilibeba mapajani njia nzima, akilikinga upepo kwa khanga ambayo alikuwa ameiandaa kwa kazi nyingine.

Nyumbani hakuna aliyezungumza juu ya mtoto. Febronia, mama yake Damian, ambaye aliishi nao, alikuwa amesema siku ya maziko kwamba kichanga hakililiwi kwa sauti. Machozi yakizidi humzibia njia mdogo wake atakayefuata. Basi kila mtu akanyamaza kama maji mtungini. Mmea ukakua. Ukatoa jani, ukatoa na jingine, na mvua zilipoanza ukachanua ua lake la kwanza, jeupe, limejikunja kama kiganja cha mtu aliyelala. Martina aliliona asubuhi alipokuwa akienda kufungua genge lake la mboga. Akakaa sakafuni mbele yake, akasahau genge. Tangu hapo kuna nyakati alikuwa akisinzia kwenye kochi na kuhisi kwamba pale konani kuna mtu mdogo anapumua. Hakumwambia yeyote. Alijua tu kwamba ua lile likifa, yeye atakuwa amezika mara mbili.

Kisha likaanza kuugua. Ncha za majani zikawa za kahawia, kama zilizobabuliwa na moto. Mchana mmoja Martina alirudi ghafla kutoka gengeni kuchukua gunia, akakigusa chungu na kukikuta kina joto, na sakafuni kukiwa na matone ya maji na alama za kandambili za Aneth, kutoka mlangoni hadi konani. Akakumbuka kwamba wifi yake aliwahi kumtania, "Ua lenyewe halizai hata pilipili, wewe unalilinda kama shamba." Akaunganisha hili na lile, akaamini kwamba Aneth analiua ua kwa maji ya moto. Moyo wenye huzuni ni fundi cherehani; hata vitambaa visivyolingana huvishona pamoja.

Hata hivyo moyo wake haukutulia. Ndiyo maana alasiri ile alikuwa barazani na kisu. Alitaka, kabla Aneth hajaondoka, auone ugonjwa kwa macho yake.

Aliitia mizizi katika beseni, akaitikisa pole pole. Maji yakageuka rangi ya chai. Mzizi mmoja baada ya mwingine ulichubuka ngozi vidoleni mwake na kubaki uzi mtupu. Akakinyanyua chungu, akatazama chini yake. Palikuwa na matundu matatu, na yote yalikuwa yamezibwa kwa kitu cheupe. Akakikwangua kwa ukucha.

Febronia alikuwa ametoka na kigoda chake, rozari mkononi.

"Mama," Martina alisema, "hii ni nta."

"Ni nta, ndiyo."

"Nani kaiweka?"

"Mimi." Alijibu bila wasiwasi, kama anayeitikia jina lake kwenye jumuiya. "Nilikuta maji yanapita chini, yanamwagika bure. Mimi nimezaliwa Didia, mwanangu. Tulikuwa tunaamka na jogoo kwenda kufukua maji mchangani. Nikasema hapana, maji hayawezi kupotea mbele ya macho yangu. Nikayeyusha vipande vya mishumaa, nikaziba."

"Na wewe ulikuwa unalimwagilia?"

"Alfajiri, nikimaliza sala. Kikombe kimoja tu."

Martina aliitazama mizizi. "Mimi nalimwagilia jioni."

"Si uliambiwa usubiri majani yainame?"

"Niliambiwa," Martina alisema. "Nilikuwa naogopa kuyaona yakiinama."

Febronia alizisogeza punje za rozari bila kusali.

Pikipiki ilinguruma uani, ikazimwa. Damian aliingia barazani akiwa na vumbi la mawe hadi kwenye kope, maana yeye aliendesha mojawapo ya zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Aliinama kidogo mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba."

Akatazama beseni, akatazama kisu. "Mmempasua mgonjwa? Mmepata kibali cha ndugu?"

Hakuna aliyecheka. Martina alimsogezea bonge la udongo. "Nusa."

Damian alinusa, na uso ukamsawijika. Alijikuna kisogo kwa muda. "Samadi hiyo nimeitia mimi," alisema. "Majani yalipoanza unjano nilimwomba Masalu, yule mwenye ng'ombe. Ilikuwa mbichi, bado ina moto. Mahindi ya marehemu baba yaliipenda."

"Na maji?"

"Yale yanayobaki kwenye chupa yangu nikitoka kazini."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Damian, kwa nini hukuniambia?"

Alivua kofia yake, akaipigapiga gotini, vumbi likapaa na kubaki hewani likielea. "Ningekwambia nini, Martina? Nikianza habari ya ua, nitaishia kwenye ile nyingine."

Pazia la mlangoni lilisogea. Aneth alikuwa amesimama pale, gauni lililokunjwa nusu likiwa kifuani. Hapana aliyekuwa amemwita.

"Na mimi nilikuwa nalitoa juani," alisema. "Kila mchana, wifi, ukiwa gengeni. Niliona limepauka, nikajua baridi ya humo ndani inaliumiza. Nikirudisha nalipa maji ya kuoshea mchele, lisizimie. Sikusema kwa sababu ulisema lisiguswe."

"Kwa nini uliligusa, basi?" Martina aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, alitaka kujua.

Aneth alilikunja gauni upya, ingawa lilikuwa limekwisha kukunjika. "Nilimbeba mara moja tu pale wodini. Nyinyi mlikuwa mmesinzia. Nikampeleka dirishani aone mwanga. Alikuwa amefumba macho, nikajisemea, basi, ataona kesho."

Ngurumo ya mashine iliendelea kwa mbali. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye beseni, na yale maji ya rangi ya chai yakawa yanang'aa kama kitu cha thamani. Martina aliona kana kwamba nyumba nzima imeinuliwa kidogo kutoka ardhini na kushikiliwa hapo.

"Mama Luka," Febronia aliita.

Lilikuwa jina ambalo majirani waliokuja wodini walikuwa wamemwita kwa furaha katika siku chache ambazo mtoto wake, Luka, alikuwa hai, na tangu maziko hakuna kinywa kilicholitamka. Martina aliweka kisu chini. Alilia, na safari hii hakulia kwa kumeza sauti. Alilia kwikwi mpaka mabega yakatikisika, mikono yake yenye tope ikiwa imening'inia mbali na nguo zake. Aneth alilitupa gauni kitini, akaja kumpangusa uso kwa ncha ya khanga.

"Mwache alie," Febronia alisema. "Hakuna njia iliyozibwa na machozi hapa. Iliyozibwa imezibwa na nta yangu."

Damian alikohoa. "Kwa hiyo mgonjwa alikuwa mmoja, na waganga wanne."

"Na wewe ndiwe mganga uliyempa mavi ya ng'ombe," mama yake alimjibu.

Martina alicheka machozi yakiwa bado yanamtiririka. Kisha wakaingia kazini, kila mtu na lake, bila kuambizana. Damian alipasha msumari motoni, akaitoboa ile nta. Febronia alichekecha udongo mzuri kutoka chini ya michongoma. Aneth aliushika mmea shinani, na Martina akakata mizizi iliyooza, akiyapangusa makali ya kisu kila baada ya mkato. Kilichobaki kilikuwa kidogo mno: mizizi michache myeupe, migumu, mirefu kidogo kuliko njiti za kibiriti.

"Itatosha?" Aneth aliuliza.

"Sijui."

Mchanga wa mtoni uliokuwa nyuma ya nyumba ndio uliowachelewesha. Ulikuwa na tope, ukihitaji kuoshwa na kukauka kabla ya kuchanganywa na udongo, na jua lilikuwa limekwisha kwenda. Martina aliviringisha mizizi katika kitambaa chenye unyevu, akaulaza mmea kivulini, juu ya gunia.

"Utaupanda kesho," alimwambia Aneth.

"Kesho si nasafiri, wifi?"

"Ukisafiri, nani atautunza?"

Aneth alimtazama kaka yake, halafu mama yake, kama mtu asiyeamini masikio yake. Martina aliendelea kwa utulivu, akiosha kisu.

"Kuanzia leo ua lina mtu mmoja. Mwenye jambo amwambie Aneth."

"Hata nikiona limekauka kabisa?" Damian aliuliza.

"Utamwambia Aneth."

"Na mimi mzee wenu?" Febronia aliuliza. "Mimi ninayeamka kabla ya wote?"

"Utasali, mama. Kikombe utakiacha kabatini."

"Haya. Na wewe mwenyewe, Mama Luka?"

Hilo lilikuwa gumu. Martina alikitazama kile kitambaa kilichoviringishwa pale chini, kidogo, kimya. Aliukunja mkono, akaukunjua.

"Nikionekana na kikombe," alimwambia Aneth, "ninyang'anye."

Aneth aliliokota gauni lake kitini, akaingia ndani, na punde wote watatu wakasikia zipu ya begi ikifunguliwa na nguo zikitolewa. Barazani mchanga ulibaki katika beseni ukiwa umeoshwa nusu, chungu kimefudikizwa kwenye ngazi, na udongo umefunikwa kwa ungo ukingoja asubuhi. Kama ua lingeshika tena, hakuna aliyejua.

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuiona bahari, wala jahazi, wala mwenye kuliongoza. Lakini jioni ile wote wanne walikuwa wameelewa kwamba upendo haukupungua hata tone. Ila kila mmoja alishika usukani kwa siri na kuuelekeza kwake, na hivyo ndivyo wahenga walivyoona waliposema: nahodha wengi, chombo huenda mrama.