Mpira Uliolala Kibarazani

Tuketi, wapendwa. Na mwenye mtoto anayelia asitoke nje na baridi hii, mimi nitapaza sauti.

Palikuwa na mama mmoja huko milimani, kule ambako mwezi wa saba umande huganda ukawa mweupe juu ya majani. Alikuwa nahodha wa netiboli ya kina mama wa kanisa, na kwake netiboli haikuwa jambo la mzaha. Mumewe alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa vicheko, mtu wa kuimba akioga. Kisha mwalimu akamzika pacha wake. Akarudi kutoka msibani, akanyamaza. Akitoka shule ni salamu, chakula, kitanda. Miezi ikapita hivyo.

Mama akafanya ambayo wengi wetu tungefanya. Akapekua mifuko ya koti. Akanusa mashati. Akawauliza majirani kwa kuzungukazunguka, eti Baba Atupele huwa anapitia wapi jioni? Hakupata kitu, na kutopata huko kukamuuma zaidi. Akajiambia, basi mapenzi yamevuja kidogo kidogo, mimi nimelala. Akampigia dada yake simu: mechi ya Jumamosi ikiisha, anarudi kwao. Nguo alikuwa ameshafunga.

Jumamosi asubuhi akaufuata mpira kibarazani, alikousahau jana yake. Jana ulidunda hadi kwenye mabati. Leo ukiubonyeza, kidole kinazama. Akauzamisha kwenye beseni la maji, akaugeuza huku na huku. Hakuna hata povu moja. Mnajua alifanya nini? Alichukua sindano ya kushonea magunia, aichokonoe mishono mpaka tundu lijitokeze!

"Usiuchome, Mama Atupele."

Ni mumewe, mlangoni, blanketi mabegani.

"Niache. Umetoboka huu."

"Ukiuchoma ndipo utakuwa umeutoboa. Hewa yote imo humo humo."

"Mbona umelegea, sasa?"

Mwalimu akachuchumaa kando yake. Akamweleza taratibu, kama alivyokuwa akimweleza mambo zamani wakiwa wachumba. Hewa ni chembe ndogo mno, hazionekani, na hazitulii kamwe. Zinakimbia humo ndani, zinaugonga mpira kila upande, na kugonga huko ndiko kunakoufanya uwe mgumu. Baridi ikija hazitoki, wala hazipungui. Zinapunguza mbio tu, zikawa zinagonga kinyonge.

"Uweke karibu na jiko," akasema. "Si juu yake. Karibu."

Wakakaa jikoni, mpira katikati yao, wakiugeuza kwa zamu. Ukaanza kujaa. Mama akaubonyeza, kidole kikagoma. Akamtazama mumewe, blanketi lile, macho yale.

"Na wewe, Baba Atupele? Wewe nawe yote yamo?"

Mwanamume yule akainama. Alilia kilio ambacho hakukilia makaburini.

"Yamo," akasema. "Yote yamo, mke wangu. Ni baridi tu."

Kina mama walicheza bila nahodha siku ile. Mpira walipelekewa na jirani. Yeye alibaki jikoni, akavuta kigoda chake hadi magoti yao yakagusana, wakamzungumzia marehemu mpaka jua likawa kali.

Sasa mbona mnatazamana? Mnadhani nimewasema wanandoa peke yao? Nimewasema wazee wa kanisa, na mimi mchungaji wenu nikiwemo. Juzi tulikaa kikao hapa, tukamjadili ndugu yetu mmoja. Tukasema amepoa, haji ibadani, haimbi, hatoi. Tukaulizana: amekunywa? Ameasi? Nani kamwona wapi? Jamani, sisi kwa kutafuta tundu hatujambo! Na tusipoliona, tunachukua sindano. Kuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuketi naye tangu mkewe afariki? Hata mmoja?

Mungu hamtupi mtu kwa kuwa amelegea. Anajua alichokiweka ndani yake, na anajua kimo.

Nyumba yake mnaijua, ile ya juu ya kisima. Leo sifungi ibada kwa sala ndefu. Tokeni hapa twende wote, na mtu asibebe swali hata moja. Bebeni kuni.