Bafu la Mbelwa

Bafu la mmoja halimtoshi mmoja. Mmeyasikia maneno haya leo kwa fundi aliyekuja kupima kiwanja chenu, mkacheka, mkasema fundi amekosea hesabu. Hakukosea. Kaeni, mle hayo mahindi yenu taratibu, msikie yalikotoka.

Kule Lushoto, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya mboga, alikaa fundi cherehani jina lake Mbelwa na mkewe Mwanaidi. Tangu waoane walikuwa wakioga nje, kwenye uzio wa mabati nyuma ya nyumba. Na Lushoto ina baridi. Mwezi wa saba mtu akitoka kwenye mabati yale na khanga mbichi mwilini, meno humgongana mpaka afike jikoni. Kila mwaka Mbelwa alimwahidi mkewe bafu la ndani, lenye shawa ya maji moto, na kila mwaka shule za watoto zikatangulia. Binti yao wa mwisho, Zaitun, alipoolewa, Mbelwa alisema, "Sasa ni zamu yako, Mama Zaitun."

Palikuwa na chumba kimoja tu cha kutumia, kando ya kile walicholala. Mbelwa alitaka kukigawa: huku bafu, huku stoo ya vitambaa, maana majora yake yalikuwa yamejaa mpaka chini ya kitanda. Fundi Kilua, mwashi wa pale mtaani, alipochora mistari ya chaki sakafuni, Mbelwa aliingia katikati ya mistari ile, akajigeuza, akanyanyua mikono kama anayejipaka sabuni kichwani. Viwiko havikuvuka chaki.

"Inatosha," alisema.

Mwanaidi alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. "Na mtu akiinama kusugua miguu?"

"Atainama kuelekea mlangoni."

"Ongeza kidogo, Baba Zaitun. Pawe na mahali pa kuweka hata kigoda."

"Kigoda cha nini? Shawa ni ya kusimama. Tena mtu huoga peke yake, hahitaji uwanja."

Hakusema kwa ukali. Ni vile tu maisha yake yote alikuwa akikata nguo zikamkaa mtu sawasawa, na kipande cha ziada machoni pake kilikuwa hasara. Mwanaidi aliitazama mistari, kisha akautazama uso wa mumewe uliokuwa unang'aa kama wa mtoto siku ya Idi. Akaona afadhali asiuharibu. "Haya," alisema, akaendelea kupepeta.

Ukuta ukapanda, vigae vya buluu vikabandikwa. Siku ya kwanza Mwanaidi alikaa kwenye maji moto mpaka Mbelwa akagonga mlango kuuliza kama yu salama. Akajibiwa kwa wimbo.

Masika yaliyofuata, Mwanaidi aliteleza shambani na kapu la viazi kichwani. Mfupa wa paja ukavunjika. Alirudi kutoka hospitalini na chuma ndani ya mguu, na kidonda kilipofunga daktari aliruhusu aoge, ila kwa kukaa, mguu umenyooshwa, tena asiachwe peke yake.

Mbelwa alimbeba mpaka bafuni. Kiti cha plastiki kiliingia kwa ubavu, tena kwa kusukumwa. Mguu ulikosa pa kunyooka. Yeye mwenyewe alikosa kabisa pa kusimama, akabaki nje ya mlango, ameingiza mkono mmoja, maji yanamtiririkia ndani ya mkono wa shati. Alifika begani kwa mkewe, mgongoni hakufika. Alipojaribu kujisogeza kiti kikayumba, Mwanaidi akadaka bomba, akalia kwa maumivu. Mbelwa akafunga maji.

"Nimwite Zaitun?"

"Zaitun ana kichanga."

"Basi mama jirani."

"Sitaki." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwili huu umeuona wewe, na wakunga walionizalisha. Niletee kitambaa kibichi nijifute, inatosha."

Ikawa hivyo. Mwanaidi alijifuta kitandani, pale mkono wake ulipofika, na Mbelwa alikaa kwenye cherehani akishona mishono asiyoiona. Mke aliyependa maji kuliko kitu chochote! Asubuhi moja Mbelwa alimkuta amegeukia ukutani.

"Baba Zaitun, uwe unalala sebuleni. Mimi nanuka."

"Hunuki."

"Nanuka. Najijua."

Mbelwa aliinuka. Alitoka, akahamisha majora yote kutoka stoo, akayarundika sebuleni mpaka juu ya benchi la wateja. Kisha akachukua nyundo, akaanza kuupiga ukuta wa bafu. Kelele zikamleta Fundi Kilua.

"Mzee! Ukuta mpya huu, umekukosea nini?"

"Niliupima kwa mtu mmoja."

"Si ndivyo ulivyoniagiza? Anayeoga ni mmoja."

"Ni mmoja, ndiyo," alisema Mbelwa, vumbi limemjaa nyusi. "Na bafu la mmoja halimtoshi mmoja. Mke wangu mle nimempa nafasi yake yote, na hawezi kuoga."

Kilua akavua shati, akampokea nyundo.

Stoo ikamezwa na bafu. Hawakuacha hata kizingiti cha kumkwaza mtu. Siku sakafu ilipokauka, Mbelwa alimketisha mkewe, akaunyoosha mguu wake juu ya kigoda, akayapima maji kwa kifundo cha mkono kama anayeogesha mtoto. Akapiga magoti nyuma yake, akaanza kumsugua mgongo kwa dodoki. Mabega ya Mwanaidi yakaanza kutetemeka.

Mbelwa akasimamisha mkono. "Nimekuumiza?"

"Hapana. Sugua hapo hapo."

Akasugua hapo hapo, muda mrefu. Walipomaliza, Mwanaidi aligeuza shingo akamwona alivyolowa, shati limemgandama, mvi zimelala kichwani.

"Umelowa wote."

"Nimelowa."

"Basi vua hilo shati, ulete kichwa."

Akampaka sabuni, akamsugua kichwa kwa vidole vyote kumi, naye Mbelwa akafumba macho.

Mguu ulipona, ingawa aliendelea kutembea na mkongojo. Majora hayakupata stoo tena. Wateja walizoea kuyakalia. Naye Kilua, kila alipoitwa kupima bafu na mwenye nyumba akasema mtu huoga peke yake, alimwambia maneno aliyoyasikia kwenye vumbi lile, mpaka mafundi wengine wakayazoea.

Mtu mzima wa afya huingia bafuni mmoja. Siku nguvu zitakapomwishia atahitaji mkono wa mwenzake, na mwenye mkono naye anataka pa kusimama. Ndivyo ilivyo kwa bafu, na kwa mengine mengi mtakayoyajenga ninyi wawili. Bafu la mmoja halimtoshi mmoja.