Kaburi Chini ya Makapi

Sogeeni karibu, na asiyependa kuulizwa aondoke mapema, maana nikimaliza nitataka jibu.

Bi Semeni alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mhina alikuwa na mikono isiyochoka. Zaina alikuwa na pua: akinusa udongo, anajua unaumwa nini. Sufiani alisomea vijidudu visivyoonekana kwa macho, akivifuga kwenye chupa kama wengine wanavyofuga kuku.

Mume wa Bi Semeni alizikwa kando ya shamba la mkonge. Miaka ikapita, kiwanda cha mkonge kikamwaga makapi ya majani pale hadi kaburi likawa chini ya kilima. Trekta lingelivunja, majembe yalinasa kwenye nyuzi. Bi Semeni alipopata ugonjwa usio na dawa, aliwaita wanawe.

"Nataka kumsalimu baba yenu kabla sijamfuata. Atakayenifikisha kaburini, nitahamia kwake, nifie mikononi mwake."

Hakutaka kuwashindanisha. Alidhani kazi ile ingewashinda wote isipokuwa mmoja.

Sufiani akaleta bakteria wake. "Mama, hawa hutoa vimeng'enya, na vimeng'enya hukata nyuzi za mmea kama mkasi, makapi yakawa udongo." Akawamwaga. Wakafa wote, na Bi Semeni akalia.

Zaina akanusa kilima. "Makapi haya yana uchachu, kaka. Umewatia wadudu wako kwenye siki." Akapita jiko kwa jiko akiomba majivu, akayabeba kichwani mpaka shingo ikamvimba, akayanyunyiza. Uchachu ukapoa. Sufiani akamwaga bakteria wengine, na hawa wakaishi. Lakini walikula juu juu tu. Chini hewa haikufika.

Ndipo Mhina akashika uma wa shambani. Aligeuza makapi tabaka kwa tabaka, jua lake mvua yake, mvuke ukimpanda usoni. Kilima kikaanza kushuka. Bi Semeni alibebwa kwenye kiti kila asubuhi kwenda kukitazama. Alikiona kikipungua, naye anapungua, akaogopa ni nani atakayetangulia kwisha.

Hatimaye jiwe la kaburi likatokea. Bi Semeni akaliwekea kiganja, akamsalimu mumewe kwa jina alilomwita walipokuwa wawili tu. Alilia kwa furaha. Kisha akageuka, akawaona wanawe wamesimama, kila mmoja amekwishamtandikia kitanda nyumbani kwake.

"Bila bakteria wangu, mama, kilima kingekuwepo," alisema Sufiani.

"Bila majivu yangu wangekufa tena," alisema Zaina.

"Na bila mikono yangu wangeishia juu juu," alisema Mhina.

Bi Semeni aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyesema uongo.

"Laiti mmoja wenu angeshindwa," akasema polepole.

Nyumba zao ziko mbalimbali, kila moja wilaya yake, na daktari amesema mgonjwa atahimili safari moja tu. Gari la kumbeba limeshafika. Dereva ameshika usukani, anangoja kuambiwa njia.

Haya, ndugu msikilizaji, ungekuwa wewe ndiye Bi Semeni, ungemwambia aelekee kwa nani?