Kengele Iliyokaa Kimya

Hii isomeni taratibu, kisha mtumieni kila mwenye kugawa chochote, hata kama anagawa wali tu.

Hospitali moja ilikuwa na kompyuta kubwa iliyobeba kazi za idara zote: mapokezi, maabara, famasia, na wodi ya watoto njiti. Huko wodini programu ndogo ilifuatilia pumzi za vichanga na kupiga kengele mmoja akilemewa. Wote walitumia kumbukumbu ileile ya kompyuta, na msimamizi wake alikuwa dada mmoja, Sekela.

Asubuhi moja kumbukumbu ikaanza kujaa. Mashine ile ina desturi yake: nafasi ikiisha, huinyang'anya programu iliyokaa kimya muda mrefu. Sasa nani yuko kimya kuliko kengele ambayo haijapata sababu ya kulia?

Sista Atupele akaja mbio kutoka wodini.

"Mdogo wangu, kengele imechelewa! Mtoto alishaanza kubadilika rangi, nimemwahi kwa macho yangu tu."

"Yuko salama?"

"Kwa sasa. Lakini macho yangu hayatoshi vitanda vyote!"

Sekela akaingiwa na hofu. Akaipunguzia kasi programu ya mapokezi. Foleni ikasimama, watu wakafoka. Akabana maabara. Akabana famasia, mfamasia akapiga simu, Sekela hakupokea. Kila akibana, nafasi inapatikana kidogo, kisha inajaa tena. Alitaka kulia.

"Bado hujamjua huyo mlafi anayemaliza nafasi?" Atupele akauliza, macho yake yakiwa mlangoni.

Ukiacha kengele, ilibaki programu moja tu ambayo hakuigusa: ile aliyoiandika mwenyewe ili kuwanasa walafi. Kila alipopata wasiwasi aliiongezea kazi, imchunguze huyu, imfuate yule. Na kwa kuwa ni mlinzi, hakuiwekea kikomo. Ilionyesha matumizi ya wote isipokuwa yake.

Akaipima kwa njia nyingine. Karibu nusu ya kumbukumbu ilikuwa mle.

"Nimempata, dada," akasema kwa aibu. "Ni wangu."

Akaiwekea kikomo kama wengine, akawarudishia wale aliowabana kasi yao, na kengele akaitengea fungu lisiloguswa hata ikikaa kimya mwaka mzima.

Hawajamaliza hata kupumua, kengele ikalia. Atupele akatimua mbio. Safari hii alimkuta mtoto bado ana rangi yake.

Funzo: Kabla hujawabana wengine, jipime kwa kipimo hichohicho, na asiyepiga kelele usidhani hana haja ya fungu lake.