Ghala la Mzee Gotfridi

"Ghala likijaa halikuamkii."

Mliyasikia maneno hayo jana kwenye kikao cha harusi, baba yenu mdogo alipokuwa akijisifia nyumba zake za mjini na mama mmoja akamkatiza. Watu wazima wakainama, ninyi mkacheka. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Haya, endeleeni kumenya viazi, nami nitawasimulia, kwa sababu aliyeyasema mara ya kwanza aliyasema mbele yangu, kikombe cha chai kikiwa mkononi mwangu. Methali hii ilizaliwa namna hii.

Zamani hapa Njombe alikuwepo mjane aliyeitwa Kuniberta Mligo. Mumewe alimwachia shamba la mianzi kule bondeni, na mianzi hiyo ndiyo iliyomlisha. Mvua zikianza, alikata ncha za mianzi michanga, akakinga ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kulipopambazuka aliubeba kwa debe kichwani mpaka sokoni. Ulanzi wake haukuwa mtamu kuliko wa wenzake. Watu walimfuata kwa sababu kila aliyefika kwake aliulizwa habari za nyumbani: mtoto amepata nafuu? Yule ng'ombe amezaa? Hata waliokuwa hawanywi walipita pale kumsalimu tu, kisha wakaenda zao.

Kuniberta alijaliwa mtoto mmoja, Gotfridi. Gotfridi alipokuwa mtu mzima aliona kwamba ulanzi una msimu wake. Mvua zikikatika, biashara nayo inalala. Bia ya chupa haina masika wala kiangazi. Basi akaanza na baiskeli, kreti zimefungwa nyuma kwa mpira, akizipeleka kwenye vilabu vya vijijini na kurudi na chupa tupu. Baadaye akapata lori kuukuu, na kampuni ikamfanya wakala. Ikafika wakati ambapo kuanzia hapa mpaka Ludewa, na upande wa pili mpaka Lupembe, hakuna bia iliyofunguliwa ambayo haikupita mikononi mwake.

Mimi wakati huo nilikuwa na kilabu kidogo kwenye njia ya Ludewa. Lori lile tulilijua kwa mlio lingali nyuma ya kilima. Na aliyeliendesha hakuwa Gotfridi tena. Alikuwa binti yake, Zita, kifungua mimba wake, aliyemfanya aitwe Baba Zita. Mwanamke kuendesha lori njia zile za utelezi! Wazee walitoka nje kumtazama. Lakini baada ya muda walitoka kwa sababu nyingine. Zita alikuwa amerithi ulimi wa bibi yake. Alishusha kreti, akakaa, akauliza habari. Mume wangu alipofariki, alilisimamisha lori mbele ya nyumba yangu, akavua koti, akaingia jikoni kupika pamoja na wanawake wa matanga. Hakuondoka mpaka tulipomaliza kuzika. Baba yake alifoka sana kwa mzigo uliochelewa. Tangu siku hiyo Zita alikuwa ndugu yangu.

Biashara ikakua. Gotfridi akajenga ghala jipya, kubwa, la matofali ya kuchoma, bati jekundu juu, lango pana la kupitisha malori mawili sambamba. Siku ya kulifungua alichinja, akaalika watu, padri akaja kulibariki. Nilikaa na Zita kwenye benchi moja. Ilipofika zamu ya mwenye nyumba kusema, Gotfridi alisimama akamwita mwanawe wa pili, Adelhelmi, aliyekuwa ametoka chuoni mwaka ule, akamshika bega.

"Mama yangu aliibeba kazi hii kichwani," alisema. "Mimi nikaipandisha kwenye magurudumu. Kuanzia leo mwanangu wa kiume ataipeleka mbele. Zita, binti yangu, umefanya kazi, asante. Sasa na wewe tafuta mume ukajenge kwa watu."

Watu wakapiga makofi. Zita naye alipiga. Mimi niliyekaa ubavuni mwake niliona viganja vikikutana, lakini sauti haikutoka.

Hakulumbana. Alilipeleka lori kuoshwa, akalirudisha, akaaga. Akaenda Mbinga, akaolewa na mkulima wa kahawa, mtu mtulivu, akafungua duka lake dogo. Adelhelmi alishika ghala mpaka mvua zilizofuata. Hakuwahi kuitaka kazi ile. Hata harufu ya bia iliyomwagika ilimtia kichefuchefu. Asubuhi moja alimuaga baba yake kwa adabu, akapanda basi la Mwanza, akabaki hukohuko.

Hapo ndipo tulipodhani Gotfridi atamrudia Zita. Hakumrudia. Mtu aliyesema neno mbele ya umati huona aibu kulimeza. Alirudi mwenyewe kwenye kazi, na mtu akimuuliza habari za watoto alijibu, "Mwanangu ni hili ghala." Watu wakaacha kumwita Baba Zita, wakamwita Mzee wa Ghala. Hakuchukia. Naona alilipenda jina hilo.

Kisha mkewe, Valburga, akaugua. Alilazwa hospitali, na Zita akaja kutoka Mbinga kumuuguza. Siku hali ilipokuwa mbaya, Zita alimtuma mtu mbio kwa baba yake: mama anakuita. Lakini siku hiyo ndiyo mzigo mkubwa wa kampuni ulikuwa umefika, na Gotfridi alikuwa amesimama langoni akisimamia ushushaji. Akajibu, "Mwambieni nakuja. Wamalize kushusha tu." Alipofika, Zita alikuwa amekwisha kumfumba mama yake macho. Matanga yalipokwisha alichukua mkoba wake akarudi Mbinga, na miaka ikapita bila kukanyaga hapa.

Watoto wangu, nimeona wajane na wagane wengi, lakini upweke kama wa mzee yule sijauona. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ghala, ina vyumba vingi, na vyote alivifunga isipokuwa kimoja. Mpishi alimwachia ugali umefunikwa na sahani, akala umekwisha kupoa. Vibarua walimwita bosi, wakafanya kazi, wakaenda kwao. Jumapili familia zilijaa kwenye mabenchi ya kanisa, baba, mama na watoto. Yeye alikaa pembeni karibu na nguzo, na pale tunapopeana amani alinyoosha mkono kwa aliye karibu, kisha akaurudisha mfukoni upesi kama mtu aliyeshika cha wenyewe. Asubuhi alifungua lango kwa mkono wake, akapita katikati ya kreti zilizopangwa mpaka karibu na bati, akizigusagusa. Ukungu wa Njombe mnaujua. Uliingia naye humo ndani.

Mwaka mmoja, kuelekea Pasaka, nilikuja mapema kuchukua bia za sikukuu. Nilimkuta peke yake. Vibarua walikuwa wamekwenda makwao, na ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Yeye mwenyewe hakuwa na pa kukaa, amegeuza kreti tupu nje ya lango, ameketi juu yake.

"Shikamoo, Baba Zita," nikasema. Jina lilinitoka tu.

Akainua kichwa. "Umeniitaje?"

"Baba Zita."

Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Sekunda," akasema, "nisindikize Mbinga. Kwenda peke yangu naogopa."

Nilikubali, kwa sababu na mimi nilikuwa na hamu ya kumwona mwenzangu. Tulikwenda kwa gari lake dogo, dereva akiendesha. Mpaka Songea mzee aliongea bila kupumzika, na yote yalikuwa ya ghala: ukuta utakaoongezwa, lori jingine litakalonunuliwa. Tulipoanza kupanda milima ya Mbinga akawa anapapasa mfuko wa koti.

Tulimkuta Zita uani, akigeuza kahawa kwenye mikeka. Alisimama. Akajipangusa mikono kwenye kanga, polepole, akaja.

"Kamwene, Baba," alisema, kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, mwanangu."

Akatukaribisha ndani, akatupa chai. Watoto wawili walichungulia mlangoni. Hawakumjua huyu ni nani. Zita akawaambia, "Njooni mmwamkie babu yenu." Wakaja, wakainama, wakasema shikamoo kwa pamoja. Mzee akaitikia marahaba. Nikasema moyoni, Mungu ashukuriwe, limekwisha. Watoto wakasimama wakingoja kidogo, halafu wakatoka mbio kwenda kucheza.

Zita akakaa. "Baba," akauliza, "umekuja kunisalimu, au umekuja kunichukua?"

Mzee akatoa mfukoni kitita cha funguo, akakiweka mezani.

"Nimekukosea, Zita. Ghala lile ni lako, lilikuwa lako tangu mwanzo. Limejaa mpaka mlangoni, sijawahi kuwa na mzigo kama ule. Rudi, mama, uliongoze. Mimi nimezeeka."

Zita alizitazama funguo. Hakuzigusa.

"Mama alipokuwa anakata roho aliniuliza uko wapi," alisema. "Nikamwambia uko ghalani. Akaniuliza, 'Limejaa?' Nikamwambia, 'Ndiyo, Mama, limejaa.' Akageukia ukutani. Hilo ndilo neno lake la mwisho."

"Sikujua," mzee akasema.

"Ungelijuaje? Hukuwepo." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, ingekuwa rahisi kusikiliza. "Baba, kila asubuhi unalifungulia mlango. Hata siku moja limekwambia shikamoo?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Ghala likijaa halikuamkii. Hawa watoto wamekuamkia sasa hivi, nawe hukuwauliza hata majina. Umenionyesha funguo."

Mzee aligeuka kuwatafuta. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Tulilala pale. Asubuhi Zita alitupakilia maharage na kahawa, akamwekea baba yake funguo mkononi, akamfunga vidole juu yake kwa upole, akatusindikiza mpaka barabarani. Hakumlaani, wala hakusema amesamehe. Tulipokuwa tumeiacha Songea mbali ndipo mzee aliponiuliza, "Sekunda, wale watoto wanaitwa nani?"

"Mkubwa ni Kolumba. Mdogo ni Editha."

"Kolumba na Editha," akasema. Akayarudia majina yale chini kwa chini mpaka tukaingia Njombe.

Msimu uliofuata aliurudisha uwakala. Kampuni ikampa mtu mwingine. Malori yakaenda, na ghala akalipangisha kwa wafanyabiashara wa mahindi. Kisha akarudi Mbinga, safari hii bila cha kumpa mtu. Alikaa siku nyingi, akiwafundisha wale watoto kuchonga filimbi za mwanzi. Lakini nisiwadanganye. Zita alimpikia, akamtandikia, akamwitikia alipoita, na wakati wa kula walizungumza kama watu waliokutana safarini. Kuna mambo yaliyotaka kusemwa wakati Valburga yu hai. Mzee alilijua hilo, akarudi kwake kuishi karibu na kaburi la mkewe. Kila Pasaka gari lilitoka Mbinga likamletea wajukuu, na siku hiyo alivaa koti tangu alfajiri, akakaa mlangoni. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa peke yake. Alikufa hivyo, katika kile chumba kimoja, na jirani ndiye aliyegundua kwa kuona mlango haukufunguliwa.

Maneno ya Zita niliyasema mimi kilabuni kwangu, baada ya mazishi. Madereva wakayachukua, wenye vilabu wakayarudia, na leo yanasemwa na watu wasiowahi kumsikia Gotfridi wala Kuniberta na debe lake.

Ghala lenyewe bado lipo, pale nyuma ya soko, bati lake limepauka. Mwezi huu wenye mahindi wamelijaza magunia mpaka juu. Kesho mkitumwa sokoni, piteni. Simameni langoni mpige hodi, msikilize kitakachowajibu. Halafu mrudi nyumbani, mkamwamkie baba yenu mdogo, maana jana alitoka kikaoni peke yake na hakuna aliyemsindikiza.

Ghala likijaa halikuamkii.