Kidari cha Nakundwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana mashine za mionzi zilikwishakuwepo, paliishi mke na mume katika kijiji cha juu mlimani, kule Upare wanakolima tangawizi. Mke aliitwa Nakundwa. Mume aliitwa Mbonea, naye alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa. Jumapili akipuliza, hata mbuzi waliacha kutafuna. Sogeeni karibu. Hadithi hii huniudhi kila ninapoisimulia, na leo sitaki kuudhika peke yangu.

Nakundwa alipatwa na saratani ya titi. Akateremka mlima na mumewe mpaka hospitali kubwa ya mjini. Akakatwa titi, akatundikiwa dripu za dawa kali, nywele zikamtoka, kucha zikawa nyeusi. Kisha madaktari wakamwambia aende nyumbani apumzike kidogo, halafu arudi kwa mionzi. Basi akarudi akiwa katikati ya safari. Hajapona, hajafa, na hakuna aliyejua ataangukia upande upi.

Sasa kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mtu akitoka kwenye taabu kubwa huchinja mbuzi wa shukrani. Watu wote hula, lakini kidari hakikatwi. Kidari hutolewa kizima, kikapewa mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha mwenye taabu pale alipofika. Na anayekila amefungwa. Taabu ikirudi, ni yeye atakayefuatana naye, ni yeye atakayesimama upande wa kichwa cha kitanda, ni yeye atakayesema na Mungu kwa niaba yake. Hakuna wa pili. Na mwenye taabu akikila mwenyewe, amejitangaza kuwa hana mtu, na njia iliyobaki ataimaliza peke yake.

Nakundwa akasema, "Nataka mbuzi wangu achinjwe sasa."

Mzee Kiangi, msimamizi wa desturi hizo, akaja mbio na fimbo yake. "Mama Niwaeli, wewe hujapona. Shukrani hutolewa mtu akishapona. Ukishukuru mapema ni kama unamlazimisha Mungu."

"Shikamoo, Mzee. Nikifia mjini, nani atarudi kunishukuria?"

"Marahaba. Usiseme hivyo, mwanangu."

"Sishukuru kupona, Mzee. Nashukuru kwamba nimefika hapa. Kwani hapa si mahali?"

Wazee wa aina yake wakikosa jibu husema ni mila, naye Mzee Kiangi akasema ni mila. Lakini mbuzi alikuwa wa Nakundwa, amemlea mwenyewe, na mila haikuwahi kumkatia majani.

Jambo moja likawashangaza watu. Kijiji kizima ni cha kanisa, lakini Nakundwa aliagiza mbuzi achinjwe na Mwislamu kutoka bondeni. Hapo kila mtu akajua kuna mgeni anayengojewa, na mgeni huyo si wa mlimani. Minong'ono ikaanza hata maji ya kupikia hayajachemka.

Siku yenyewe mgeni akafika, juu ya gari la kubebea tangawizi, amejifunga kanga na kitambaa kichwani. Alikuwa Bi Zuhura wa Pangani, aliyelala kitanda cha jirani na Nakundwa kule wodini. Akakaribishwa mkekani. Watu wakala. Kisha kidari kikaletwa kwenye sinia, kinatoa mvuke, kikawekwa mbele ya Nakundwa. Mzee Kiangi akagonga fimbo chini na kuuliza ni nani aliyemfikisha mwanamke huyu hapa.

Mbonea akasimama wa kwanza.

"Ni mimi," alisema. "Nililala kwenye veranda ya hospitali, juu ya boksi. Nilimwogesha mke wangu. Nilifua nguo zake za ndani kwenye bomba la nje, na wanaume wakapita wakinicheka, nami nikaendelea kufua. Akitapika nilikinga kwa mikono yangu. Bila mimi, Nakundwa hangekuwepo hapa leo."

Ni kweli tupu, na waliomcheka natamani ningewajua. Lakini Nanzia, dada yake Mbonea, akainuka kabla kaka yake hajakaa.

"Kaka, waambie na lililobaki. Tarumbeta yako iko wapi? Imetundikwa jikoni, imejaa masizi. Toka siku ile ya vipimo hujafunga macho kuomba. Mkeo akisema asante Mungu kwa uji, wewe unamwambia asante ya nini, na uji wenyewe ameutapika. Mgonjwa akawa anaugua huku anabeba na hasira yako. Utasimama kwenye kitanda chake useme nini na Mungu, wakati hamsalimiani?"

Mbonea akasema, "Nimsalimie kwa lipi? Alimwona mwanamke huyu akilia, akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Mimi nilikinga mikono."

Watu wakaguna. Nami naguna nao hadi leo, maana mtu aliyekinga mikono ana haki ya kukasirika, na mgonjwa ana haki ya kutokasirikiwa kila asubuhi.

Nanzia akaendelea. "Ni mimi. Watoto wa Nakundwa walikula kwangu, walilala kwangu, walikwenda shule wakiwa wamenyooshewa nguo. Ng'ombe wake nilimkamua mimi. Na kila alfajiri nilifungua mlango wa nyumba yake, nikasimama kizingitini, nikasema, Mungu, asante kwa siku nyingine ya wifi yangu. Yeye aliposhindwa kushukuru, nilimshukuria. Kaka yangu alipokataa, nilimshukuria na yeye. Bila mimi, Nakundwa hangekuwepo hapa leo."

"Na ulikuja kumwona lini?" Mbonea akauliza.

Nanzia akageukia kuku waliokuwa wakipita uani.

"Sema, dada. Ulituma maziwa, ulituma salamu. Mwenyewe ulikuja lini? Toka tuliposhuka kwenye gari mpaka leo, hujamtazama usoni. Unamwamkia huku unatazama kuku."

Nanzia akasema kwa sauti ndogo, "Mama yetu alikufa kwa ugonjwa huu huu, na mimi ndiye niliyemfunga kidonda. Unajua hivyo. Siwezi kukiona tena."

Haya, shukuruni mkiwa mbali, ndugu zangu. Mungu wa kizingitini hana harufu ya dawa. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini watoto wale walikula, na sala zile zilisemwa, na hakuna mwingine aliyezisema.

Mzee Kiangi akataka kufunga maneno, lakini Nakundwa akamwinulia mkono. "Mgeni wangu hajasema."

"Mimi sikuja kudai nyama, mdogo wangu," alisema Bi Zuhura. "Nimekuja kukuona."

"Sema hivyo hivyo, dada."

Bi Zuhura akakaa vizuri. "Siku aliyoletwa wodini, aligeukia ukutani. Hakula. Hakumjibu nesi. Akasema Mungu amemtupa. Nikamwambia, sawa, amekutupa, lakini kabla ya kulala utanitajia kitu kimoja tu cha leo kilichokuwa chema. Akasema hakuna. Nikamwambia basi hatulali. Usiku ule akasema, shuka limenukia jua. Kesho yake akasema, nesi wa leo anajua kutafuta mshipa. Ikawa ndiyo kazi yetu. Yeye anataja chake, nami nataja changu, mimi nasema alhamdulillahi, yeye anasema amina. Mpaka siku moja akageuka mwenyewe kutoka ukutani."

Nakundwa akasema, "Bila yeye, nisingekuwepo hapa leo."

Mbonea akainamisha kichwa. Nanzia akavuta mtandio wake. Mzee Kiangi, ambaye hata kwenye machozi lazima apitishe desturi, akauliza, "Na wewe mama wa Pangani, ukila kidari hiki, utafuatana naye kwenye mionzi?"

Bi Zuhura akatazama mikono yake. "Mionzi yangu imesimamishwa, Mzee. Madaktari wamesema dawa hazinisaidii tena. Wamenirudisha nyumbani."

Nakundwa akageuka. "Toka lini?"

"Toka kabla hujaruhusiwa."

"Kwa hiyo usiku ule uliponitajia wali wa nazi na upepo wa dirishani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilikutajia yangu yote, hata ya aibu. Nilikwambia nimeogopa. Wewe ukanificha hilo moja."

"Ungegeukia ukutani tena, mdogo wangu."

Hapo ndipo kelele ilipolipuka. Mbonea akasema aliyefukuzwa wodini hawezi kumsindikiza mtu wodini. Nanzia akasema alijua toka alipoitwa mchinjaji wa bondeni kwamba watu wa nyumbani watapitwa na wa njiani. Mbonea akamwambia yeye hata njia yenyewe hajaikanyaga. Mzee Kiangi akagonga fimbo, na kila mmoja akarudia, bila mimi, bila mimi. Kidari kikapoa kwenye sinia, mafuta yakaganda. Mwanamke aliyechinjiwa mbuzi alikuwa hajala kitu toka asubuhi, kwa sababu midomo yake ilikuwa na vidonda vya dawa, na katika umati ule wote wa wanaompenda hakuna aliyekumbuka kumwekea uji. Hilo ndilo linaloniudhi. Hilo ndilo nililotaka tuudhike pamoja.

Nakundwa akalivuta sinia kwake.

"Nimewasikia," alisema. "Wote mmesema kweli, na ninawashukuru wote, ndiyo maana niliwaita. Lakini sindano iliingia mkono wa nani? Titi lililotupwa lilikuwa la nani? Baba Niwaeli, ulipokuwa unamnunia Mungu, nani alikuwa anakuombea usichoke? Wifi, ulipokuwa unafunga macho, nani aliyajua maumivu kwa jina? Na wewe dada, neno asante ulinifundisha, lakini nililisema kwa mdomo huu wenye vidonda. Bila mimi, Nakundwa hangekuwepo hapa leo."

Akakiinua kidari kwa mikono miwili, kizima, akakifikisha karibu na midomo yake.

Mbonea akasimama. Akasema, "Mungu," kisha neno la pili likamgomea. Nanzia akainua macho, akamtazama wifi yake usoni, kichwa kisicho na nywele na yote, wala hakutazama kuku. Bi Zuhura akanyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani.

Nami naishia hapo, kidari kikiwa karibu na midomo.

Haya, semeni ninyi. Akikipata aliyekinga mikono bila kushukuru, mgonjwa atasindikizwa na hasira. Akikipata aliyeshukuru bila kutazama, atasindikizwa na macho yaliyofumba. Akikipata aliyemfundisha asante, huenda asifike naye hata mwisho wa barabara. Akikila mwenyewe, ni haki yake, na atateremka mlima ule peke yake. Na atakayeniambia kila mmoja amegewe kipande, ainuke aende kwao, maana nimekwishasema kidari hakikatwi.

Je, nani alistahili?