Mto Uliogeuka Ubavu

Sikilizeni, enyi wapenda habari njema. Katika zama ambazo majini walikuwa wakifanya mikataba na wanadamu, na kuitimiza kuliko wanadamu wenyewe, mji wa Marwafa ulitawaliwa na Sultani Dhiyabu bin Sahali, mtu mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo, na ng'ambo ya mto Wadinuri mji wa Kisarabu ulitawaliwa na Malkia Shumaila binti Haidari, ambaye subira yake haikuizidi ya jirani yake hata chembe. Babu zao walikuwa wameapa kwamba maji ya mto ule ndiyo mpaka, na watu wakakaa kwa amani, wakivuka huku na huku kuuza na kununua na kuoana.

Na katika Marwafa alikuwapo mfanyabiashara wa chumvi, kijana aitwaye Shaweji bin Ngwali, aliyemposa Zuwena binti Makame wa kijiji cha Mlangale, upande wa Kisarabu. Posa ilikuwa imepokewa na siku ya arusi imetajwa, na Shaweji alikuwa hali wala halali kwa furaha.

Basi asubuhi moja, baada ya mvua za masika, watu waliamka wakakuta mto umehama. Umeacha njia yake ya zamani ikiwa tope tupu, ukapita nyuma ya Mlangale, hata kijiji kizima, na minazi yake na mbuzi wake na bibi arusi wake, kikajikuta upande wa Marwafa.

Sultani Dhiyabu alipopata habari alipiga makofi. "Wazee wetu waliapa kuwa maji ndiyo mpaka," akasema, "nayo maji yamenena. Mlangale ni yangu!"

Malkia Shumaila akamjibu kwa tarishi: "Mpaka ni pale maji yalipokuwa siku ya kiapo. Mto ukilewa, nchi yangu hailewi nao."

Kila mmoja alikuwa na neno la wazee mkononi, basi nani angekubali kushindwa? Wakakusanya majeshi, na vita vikapangwa kupiganwa Mlangale, na watu wa Mlangale hawakuulizwa na mtu hata neno moja.

Shaweji alitiwa mkuki mkononi kama vijana wenzake, na moyo wake ukapasuka, kwa kuwa upande wa pili wa mkuki ule walikuwapo shemeji zake. Akautupa mkuki kichakani, akafunga kitambaani halua aliyomwekea Zuwena, na akateremka katika tope la mto wa zamani ili amtoe bibi arusi wake kabla damu haijamwagika.

Huko topeni akasikia kilio, na alipotazama akaona jini limejilaza bonde zima, ndevu zake magugu ya mtoni, machozi yakilitiririka.

"Ewe mwanadamu," likasema jini lile, "ni halua ninayoinusa, au ni njaa inanichezea?"

"Ni halua ya arusi yangu," akajibu Shaweji, "kama arusi itakuwapo. Ila wewe una njaa kunishinda. Chukua, ule."

Jini likala, likalamba kitambaa, likasema, "Naitwa Zanfuri. Babu za watawala hawa walinilaza chini ya mto huu niushike usihame, na ujira wangu ni kwamba kila mwaka wakuu wa nchi mbili waje ukingoni wale halua katika sinia moja, na masalio yawe yangu. Lakini hawa wa sasa, ole wangu! Kila mmoja alikuja na birika lake, akang'ang'ania kumnawisha mwenziwe, kwa kuwa anayenawisha ndiye mwenye nchi na anayenawishwa ni mgeni tu. Wakabishana hata halua ikaota ukungu, na baadaye wakaacha kuja kabisa. Njaa ikanizidi, nikageuka ubavu, na mto ukageuka nami."

Shaweji akacheka, kisha akalia. "Yaani watu watauana kwa sababu ya kunawa mikono?"

"Ndivyo mlivyo," likasema jini. "Sasa umenilisha, nami ni mtumwa wako kwa amri moja. Ukitaka nitaupeleka mto nyuma ya jumba la Kisarabu, Malkia mwenyewe awe raia wa Marwafa, na Sultani wako atakupa uwaziri."

Sitaficha: Shaweji alijiona amevaa joho la uwaziri, na joho likamkaa vizuri. Lakini akavifikiria vijiji vyote vya ng'ambo vikiamka ugenini kama Mlangale, na mwakani Malkia naye akitafuta jini lake, na vita visivyokwisha. Akasema, "Uzungushie Mlangale maji pande zote, majeshi yabaki nje na watawala wawili wawe ndani, na maji yasiondoke mpaka wale sinia moja."

"Sami'na wa ata'na, nimesikia na nitatii," likajibu jini, likazama topeni, na Shaweji akakimbilia kijijini.

Na ilikuwa desturi ya nchi zile kwamba kabla ya vita watawala hutangulia mbele, peke yao, kutoleana maneno ya mwisho. Sultani na Malkia wakaingia uwanja wa Mlangale kila mmoja na birika lake, maana hata vitani hawakuyaacha, na mara maji yakavuma kulia na kushoto, na kijiji kikawa kisiwa. Sauti ikatoka majini ikataja sharti, na watu wote wakaisikia.

Wanawake wa Mlangale wakapika halua upesi, wakaitua uwanjani ikitoa moshi.

"Karibu, Malkia," akasema Sultani, akiinua birika, "nikunawishe, maana hapa ni kwangu."

"Ahsante, mgeni wangu," akajibu Malkia, akiinua lake. "Nyoosha mikono wewe kwanza."

Jua likawa kali, na halua ikapoa, na maji yakaanza kupanda, maana hakuna aliyeliambia jini yasipande. Yakafika mabanda ya mbuzi, yakafika vizingiti vya nyumba, na watoto wakapandishwa juu ya mapaa. Ng'ambo zote mbili wapiga mishale wakavuta nyuta, kila upande ukidhani mwenziwe ndiye aliyeyaleta maji. Shaweji akamshika Zuwena mkono, akasema kwa uchungu, "Nilikuja kukuokoa, nami nimekuzamisha wewe na watu wako. Maji haya ni amri yangu."

Zuwena akamtazama, akautazama na mzozo ule wa mabirika, na hasira zikampanda. "Wewe umeleta maji," akasema, "basi mimi niachie ya kunawa."

Akajitanda ukaya wake kichwani, akachukua birika la mama yake, la shaba na lenye kibonyeo ubavuni, akaenda akasimama baina ya wakuu wale wawili na kuinama kwa adabu.

"Ewe Sultani mtukufu, na ewe Malkia mtukufu," akasema, "mmekuja hapa bila kualikwa, nasi hatukuwafukuza. Hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu, na hapa ndipo walipozikwa wazee wangu. Mto ulipita mbele yetu tukawa hapa, umepita nyuma yetu tungali hapa. Mwenye nyumba ndiye anayenawisha. Karibuni, wageni wangu."

Kukataa maji ya mwenye nyumba ni aibu isiyosafika, na hakuna kati yao aliyeambiwa awe mgeni wa mwenziwe. Sultani akamtazama Malkia, na Malkia akamtazama Sultani, na njaa ikawatazama wote wawili. Wakaweka mabirika chini, wakanyoosha mikono pamoja, Zuwena akawamiminia, na vidole vyao vikakutana katika halua iliyopoa.

Maji yakashuka papo hapo. Nyuta zikalegea, watoto wakashushwa mapaani, mtu mmoja akacheka na kicheko kikavuka mto na kurudi, na Shaweji, aliyesimama siku nzima kwa nguvu za hofu tu, akaketi chini katika tope akalia kwa faraja mbele ya wakwe zake, bila haya.

Masalio ya sinia lile wakamtupia Zanfuri, naye akaurudisha mto katika njia yake. Mlangale kikabaki upande wa Kisarabu, na kando ya maji zikasimikwa nguzo za mawe kwa kauli ya wakuu wote wawili, na ikaamriwa kwamba nguzo yoyote isihamishwe kabla wakaao karibu nayo hawajaulizwa. Arusi ya Shaweji na Zuwena ikafanywa pande zote mbili za mto, Sultani akawatunuku msafara wa ngamia na Malkia akawapa mashimo ya chumvi, wakatajirika na kuzaa. Na ieleweke kwa kila mwenye akili kwamba mpaka haushikwi na maji wala na mikuki, bali na majirani wanaokubali kula pamoja na kisha kila mmoja kurudi kwake.

Na kila mwaka Zuwena alikwenda ukingoni na birika la mama yake, akawanawisha wageni wake wawili, na chini ya maji jini likashiba, likalala usingizi mzito, wala halikugeuka ubavu tena.